Kujua Kitabu Kikiwa Kimefungwa

Kila mwaka Agosti inapokaribia kwisha, kabla masomo hayajaanza, idara za hisabati katika vyuo vikuu vya Marekani huwa na watu wachache ambao hawakwenda likizo. Ni wanafunzi wa shahada ya uzamivu, wengi wao wa mwaka wa kwanza au wa pili. Wanajifungia katika madarasa matupu tangu asubuhi, vidole vimejaa chaki, wakijiandaa kwa mtihani wa kufuzu. Mtihani huo ndio unaoamua nani ataruhusiwa kuendelea na utafiti na nani ataagwa akiwa na shahada ya uzamili. Kwa kawaida mtu hupewa nafasi zaidi ya moja, lakini nafasi zikiisha zimeisha. Kwa lugha ya wanafunzi wa vyuo vyetu, amedisko.

Kwa wengi wetu utaratibu huu ni mgeni. Vyuo vya Afrika Mashariki vilirithi kwa kiasi kikubwa desturi ya Uingereza, ambako mwanafunzi wa uzamivu hupimwa mwishoni, kwa tasnifu yake na utetezi wake. Wamarekani wameweka lango jingine mwanzoni. Kabla hujaambiwa ulete jambo jipya duniani, wanataka waone kwamba ya zamani unayamudu: aljebra, uchanganuzi wa namba halisi, uchanganuzi wa namba changamano na, katika vyuo vingi, topolojia. Kila chuo kina namna yake. Berkeley walianzisha mtihani wa maandishi mwaka 1977, na maswali yake yakakusanywa na Paulo Ney de Souza na Jorge-Nuno Silva katika kitabu kilichotoka mwaka 1998, kitabu ambacho wanafunzi wa vyuo vingine vingi nao hukitumia. Huko Princeton mtihani ni wa mdomo. Mwanafunzi anasimama ubaoni, maprofesa watatu wameketi, na maswali yanafuata majibu yake popote yanapompeleka. Wanafunzi wa huko wana desturi nzuri: anayemaliza huandika maswali aliyoulizwa na namna alivyojibu, akawaachia wanaokuja nyuma yake.

Nimepita katika lango hilo, na tangu hapo nimekaa na vijana kadhaa wanaojiandaa kulipita. Kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba faida ya mtihani huu iko katika ile miezi inayoutangulia kuliko katika siku yenyewe. Ni miezi ambayo mtu hulazimika kujiuliza, labda kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, anajua nini kwa hakika na ni nini amekizoea tu.

Sisi tuliotoka shule za Tanzania na Kenya tunafika huko tukiwa hodari wa mitihani. Tusingekuwa hodari tusingefika. Tumevuka darasa la mwisho la msingi, tumevuka sekondari, tumevuka chuo. Tunajua kupiga msuli na kukesha. Tunajua kutafuta mitihani ya miaka iliyopita na kusoma tabia ya mtungaji: mwaka huu kaliuliza hili, mwakani ataliacha. Tunajua desa lipi la kudurusu limetulia na lipi litakupoteza. Stadi hizi sizidharau. Zimewatoa watoto wa wakulima na wavuvi mahali ambapo hapakuwa na maktaba wala mwalimu wa hisabati, zikawafikisha mbali. Lakini zina mwisho wake, na mtihani wa kufuzu ndipo wengi wetu tunapouona mwisho huo.

Sababu ni kwamba mtihani huu haukuulizi kama umewahi kuuona uthibitisho fulani. Unakutaka uujenge upya, peke yako, kitabu kikiwa kimefungwa. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko inavyosikika. Mtu anaweza kukaa na kitabu cha Walter Rudin cha misingi ya uchanganuzi, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1953 na ambacho wanafunzi bado wanakiogopa, akausoma ukurasa mzima akikubali kila mstari. Hakuna pa kubisha. Akikifunga na kuchukua karatasi tupu, anaandika mstari wa kwanza, kisha kalamu inagoma. Abiria aliyepanda daladala ya Mbagala miaka nenda rudi anavijua vituo vyote kwa majina; siku atakayokabidhiwa usukani ndipo atakapojua kama njia anaijua.

Nichukue mfano mmoja wa aljebra tuutazame kwa karibu. Katika hisabati, kundi, kwa ufupi, ni mkusanyo wa vitu wenye kanuni ya kuunganisha viwili na kupata kimoja kilicho ndani ya mkusanyo uleule. Saa ya ukutani ni mfano wake: saa kumi ukiongeza saa nne unapata saa mbili, hutoki nje ya zile 12. Yako makundi ambayo yanaweza kupasuliwa kwa kutumia kundi dogo lililomo ndani yake, na yako yasiyopasulika kabisa. Hayo ya pili huitwa makundi sahili, na nafasi yake katika aljebra ni kama ya namba tasa katika hesabu. Swali linalorudi mara kwa mara katika mitihani hii ni hili: onyesha kwamba hakuna kundi sahili lenye memba 30.

Silaha ya swali hili ni thiorema za Ludwig Sylow, raia wa Norway, alizozichapisha mwaka 1872. Kwa kuwa 30 ni 2 mara 3 mara 5, thiorema hizo zinasema kundi letu lina makundi madogo yenye memba 5, na idadi ya makundi madogo hayo lazima iwe kigawo cha 6 kinachobakiza 1 ukikigawa kwa 5. Vigawo vya 6 ni 1, 2, 3 na 6. Vinavyofaa ni 1 na 6 tu. Vivyo hivyo kwa makundi madogo yenye memba 3: idadi yake ni kigawo cha 10 kinachobakiza 1 ukikigawa kwa 3, yaani 1 au 10. Likiwepo moja tu la aina yoyote kati ya hizo, litatumika kulipasua kundi zima, na kundi halitakuwa sahili. Basi tuseme kundi ni sahili. Ina maana yapo 6 ya memba 5 na 10 ya memba 3. Kila kundi la memba 5 lina memba 4 mbali na yule wa katikati asiyembadilisha mwenzake, kama 0 katika kujumlisha. 6 mara 4 ni 24. Kila la memba 3 lina 2. 10 mara 2 ni 20. Jumla ni memba 44, na kundi zima lina 30. Haiwezekani. Uthibitisho umekwisha.

Mistari hiyo inakaririka kwa jioni moja. Anayeikariri akiipata kwenye karatasi ya maandishi, anaweza kuvuka. Lakini mweke ubaoni, profesa amwulize kwa upole: hao 24 umewahesabu vipi, huoni huenda memba mmoja yumo katika makundi madogo mawili? Aliyekariri ananyamaza. Aliyejenga anajibu kwamba sehemu inayoshirikiwa na makundi madogo mawili ni kundi pia, ukubwa wake lazima uwe kigawo cha 5, na kwa kuwa 5 ni namba tasa, basi sehemu hiyo ni kundi dogo lenyewe lote au ni yule wa katikati peke yake. Na likiwa moja tu, kwa nini litaweza kulipasua kundi zima? Kwa sababu kundi kubwa likilihamisha kundi dogo, hulipeleka kwenye kundi dogo jingine la ukubwa uleule. Kama jingine halipo, litarudi palepale.

Kisha linakuja swali ambalo desa halina. Badala ya 30, weka 60. Hoja yako inasimama? Hapo ndipo uzuri wa somo hili unapojitokeza, kwa maana hoja haisimami, na haitakiwi isimame. Lipo kundi sahili lenye memba 60: ni mizunguko yote ya lile umbo la nyuso 20 za pembetatu sawa, inayolirudisha umbo mahali pake. Ndani yake mna memba 24 wa aina ya tano, yaani mizunguko inayohitaji kurudiwa mara tano ili kila nukta irudi ilipoanza, 20 wa aina ya tatu, 15 wa aina ya pili, na mmoja wa katikati. Zile 24 na 20 zilizotusaidia kulikataa kundi la 30 zimo humu vilevile, zimeenea bila kubanana. Na kundi hilihili ndilo sababu ya mlinganyo wa kipeo cha tano kukosa fomula ya jumla, jambo lililowasumbua wanahisabati kwa karne kadhaa mpaka Niels Abel na Évariste Galois walipolimaliza. Mwanafunzi aliyefika hapa kwa miguu yake ameshaacha kusoma kwa ajili ya mtihani. Ameanza kufanya hisabati.

Kufika hapa peke yako ni vigumu sana, na hilo ndilo ningependa kila anayejiandaa alisikie mapema. Tulikuwa watatu tunaozungumza Kiswahili katika idara yetu: dada mmoja wa Mombasa, kaka mmoja wa Lubumbashi, na mimi. Disikasheni ilianza kwa Kiingereza kama kawaida, lakini usiku ulipoingia na watu wamechoka, tulijikuta tumehamia kwenye Kiswahili. Istilahi nyingi hatukuwa nazo, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kujificha. Kwa Kiingereza mtu anaweza kulitaja jina la thiorema kisha akasonga mbele, na kila mmoja akaitikia kwa kichwa. Kwa Kiswahili ilibidi uliseme jambo lenyewe.

“Kaka, hapo umeruka,” yule dada alikuwa akisema, ameelekeza chaki kwenye mstari. “Rudi. Kwa nini?”

Hakuwa na ukali, wala hakuwa akimwaibisha mtu. Alikuwa akifanya kazi ambayo siku ya mtihani ingefanywa na mtu asiyemjua, na akaifanya kwa mapenzi. Nimekaa na walimu wengi katika maisha yangu. Wachache wamenifaa kama swali lake hilo la “kwa nini”.

Swali hilo linazaa matunda zaidi katika uchanganuzi. Mwaka 1902 Henri Lebesgue alitoa tasnifu iliyobadilisha namna wanahisabati wanavyopima maeneo, na sehemu kubwa ya mtihani wa namba halisi ni urithi wake. Thiorema za nadharia hiyo zimejaa masharti: ikiwa hiki ni chanya, ikiwa kile kina mpaka, ikiwa kipo kitu kikubwa kinachovifunika vyote. Mwanafunzi mchovu huyakariri masharti hayo kama dua asiyoijua maana. Lakini chukua mstatili uliosimama juu ya mstari wa namba, ukianzia 0, wenye kimo 2 na upana nusu. Eneo lake ni 1. Sasa kimo kiwe 3 na upana theluthi, kisha 4 na robo, uendelee hivyo bila kikomo. Eneo halibadiliki, ni 1 siku zote. Lakini simama kwenye nukta yoyote iliyo kulia mwa 0: mstatili utazidi kuwa mwembamba mpaka ukuache nje, na juu yako pabaki 0. Ukifuata nukta moja moja, mwisho wa yote ni 0, na eneo la 0 ni 0. Ile 1 imekwenda wapi? Imepanda juu kwenye ukingo, mahali ambapo hakuna nukta ya kuishika. Sharti la kifuniko liliwekwa ili kuzuia jambo hili hasa. Ukishauona mstatili huo, sharti halikaririwi tena. Litakujia lenyewe.

Ndiyo maana huwaambia vijana kwamba kwa kila thiorema wanayoitayarisha, waondoe sharti moja na watafute mahali panapobomoka. Hiyo ni kazi ya polepole. Inakula siku nzima na kurasa mbili tu ndizo zimesogea, huku mwenzako wa chumba cha pili amemaliza sura tatu. Kuivumilia kunahitaji moyo, hasa kwa mtu aliye mbali na kwao.

Hofu nayo ni sehemu ya maandalizi haya, na si haki kuipita kimya. Mwanafunzi wa kigeni anajua kwamba viza yake na posho yake vimefungwa kwenye masomo hayo. Lango likifungwa, mambo mengi yanafungwa pamoja nalo. Akipiga simu nyumbani anaulizwa kwa upendo, “Mwanangu, mtihani wa nini tena? Si ulishamaliza chuo?” Hana namna fupi ya kujibu. Ukoo mzima unamwita daktari kabla hajawa. Anakata simu, anarudi ubaoni, na mara hii uthibitisho alioujua jana haumjii. Wengi huamini kwamba wao peke yao ndio walio hivyo, na kwamba kuna siku idara itagundua walikosea kuwachukua. Nawaambia wote: karibu kila mtu katika jengo lile ameibeba hofu hiyo, pamoja na wale wanaojibu haraka darasani.

Kuna mfano wa hadharani wa jambo hili. Terence Tao aliingia Princeton akiwa bado kijana mdogo mwenye sifa kubwa, na mwaka 2006 alipata Nishani ya Fields, mojawapo ya heshima za juu kabisa katika hisabati. Mwenyewe ameandika kwamba mtihani wake wa mdomo ulikwenda vibaya. Hakuwa amejiandaa kama wenzake waliosoma kwa miezi. Maswali ya kawaida tu ya fani aliyoichagua mwenyewe yakamshinda, na nusura ashindwe. Msimamizi wake hakumficha kwamba alisikitika. Tao anaeleza kwamba hapo ndipo alipoanza kusoma kwa bidii ya kweli. Nalipenda simulizi hili kwa kuwa linatufundisha kwamba kipaji hakijazi pengo la kazi isiyofanyika, hata kiwe kipaji cha namna ile.

Lakini lazima tuseme ukweli wote. Mtihani una mahali usipofika. Galois, yule aliyelimaliza suala la mlinganyo wa kipeo cha tano, alishindwa mara mbili mtihani wa kuingia École Polytechnique ya Paris, mwaka 1828 na 1829. Aliuawa mwaka 1832 akiwa na miaka 20, na nadharia yake leo ni sehemu ya mtihani wa aljebra ambao maelfu hufanya. Utafiti huchukua miaka, na saa tatu za kujibu maswali haziwezi kuonyesha nani ataweza kukaa na swali moja muda wote huo bila jibu. Wako wanaofaulu mtihani kwa kishindo kisha utafiti ukawashinda, na wako walioondoka na uzamili wakaenda kufanya kazi nzuri mahali pengine. Profesa anayempima mwanafunzi kwa siku moja ya jasho na kudhani amemjua, anakosea.

Na Sylow je? Kuanzia mwaka 1858 hadi 1898 alikuwa mwalimu wa sekondari katika mji mdogo wa Halden. Miaka 40 ya kusahihisha madaftari na kufundisha watoto wa mji ule. Thiorema ambazo wanafunzi wengi wa uzamivu wa hisabati huzitetemekea alizitoa akiwa katika kazi hiyo, katika makala ya kurasa zipatazo 10. Nawataja walimu wa sekondari wa Iringa, wa Kisumu, wa Bukavu ninapoisimulia habari hii, kwa sababu wengi wao wanaamini kwamba hisabati ya kweli iliwaacha siku walipopangiwa shule. Haikuwaacha. Kujua kwa namna ninayoisema hapa hakungoji maabara wala idara. Kunahitaji muda, karatasi na mtu wa kukuuliza kwa nini.

Kwa hiyo neno langu kwa walimu wa vyuo vyetu ni hili: msingoje mtihani wa Marekani uwafundishe vijana wetu kufunga kitabu. Mpelekeni mwanafunzi ubaoni tangu mwaka wa kwanza, aeleze uthibitisho mmoja mbele ya wenzake, kwa lugha anayoimudu, na aulizwe bila kudhalilishwa. Alama moja ya mtihani wa muhula haina uzito wa dakika 20 za namna hiyo.

Na wewe ambaye mtihani huu uko mbele yako, usijifungie. Tafuta mwenzako mmoja mnayeaminiana. Chagua thiorema ambayo una hakika unaijua kuliko zote, funga kitabu, umweleze mpaka aridhike. Akikukatiza na kukuuliza kwa nini, mshukuru, kisha umjibu.